Masika Inakuja: Andaa Gari la Mzigo Kabla Halijakukwamisha Mlimani

Leo siongelei namna ya kupiga picha bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeandika "bei gani" halafu anapotea. Leo naongelea gari.

Kuna mtu atasema, mi nauza mashuka mtandaoni, habari za gari zinanihusu nini? Zinakuhusu. Picha inauza, lakini gari ndilo linalofikisha. Mteja akishakutumia hela, kilichobaki ni barabara, na wakati wa mvua barabara ndiyo inayoamua kama utaitwa mwaminifu au tapeli.

Mimi niko Same mjini. Wateja wangu wengi wako mlimani, Upareni: Suji, Vudee, Mbaga, Mamba na huko kwingine. Nauza mashuka, mapazia na vyombo vya ndani. Mzigo napeleka mwenyewe kwa Probox niliyoinunua ikiwa imeshatumika sana. Ufundi sijasomea, nilimaliza kidato cha nne nikaingia dukani. Haya ninayoandika nimejifunza kwa kuuliza mafundi, kwa kuuliza madereva wa mlimani, na mengine nimejifunza kwa kulipia.

KILICHONIKUTA

Ilikuwa mwezi wa nne, masika imekolea. Nilikuwa na oda tano za mlimani siku moja. Nne ndogo ndogo, na moja kubwa ya mama mmoja aliyekuwa anamwozesha binti yake: mashuka, seti ya masufuria, sahani na bakuli. Harusi ilikuwa Jumamosi, siku hiyo ni Alhamisi.

Nilichelewa kutoka, nikaondoka saa nane mchana. Same kulikuwa na jua kali, vumbi linaruka. Nikajisemea, mvua yenyewe iko wapi? Tairi za mbele nilijua zimekwisha, lakini nilikuwa nazivuta "mpaka mwisho wa mwezi". Wipa moja ilikuwa imechanika. Tairi la spea sikumbuki mara ya mwisho kulijaza upepo.

Nilipoanza kupanda ukungu ukashuka, halafu mvua. Kwenye kona moja yenye udongo mwekundu tairi zikaanza kuzunguka bila gari kwenda. Nikaongeza mafuta, na hilo lilikuwa kosa. Gari likarudi nyuma lenyewe, breki nimekanyaga na bado linateleza, likaenda kugonga ukingo wa upande wa mlima kwa bampa. Upande wa pili wa barabara ni bonde. Nashukuru Mungu lilichagua upande ule.

Nililala ndani ya gari. Asubuhi vijana wa kijijini wakanivuta kwa kamba, tukaelewana hela. Nilipofungua mlango wa nyuma nikakuta maji yameingia kwa chini, mpira wa mlango ulikuwa umekatika siku nyingi na nilikuwa naupita tu. Mashuka ya harusi yamelowa maji ya tope. Yule mama nilimpigia simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ungeniambia mapema ningetafuta kwingine." Hakunitukana, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Alinunua kwingine kweli, na mimi nikamrudishia hela yake yote.

Tangu siku ile nina kanuni moja: gari linaandaliwa kabla ya mvua, siyo mvua ikishaanza. Twende hatua kwa hatua.

KWANZA: USIANGALIE MBINGU YA SAME

Same mjini ni pakavu kwa sababu milima yenyewe inatukinga na mawingu. Upepo wenye unyevu unatoka upande wa bahari, unapanda milima ya Upare upande wa mashariki, unamwaga mvua huko juu, ukifika huku kwetu umebaki upepo mtupu. Ndiyo maana juu kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, mita 2,463, kumejaa ukungu, wakati sisi chini tuna mkonge na miiba.

Kwa hiyo jua la Same halikuambii chochote kuhusu Mamba. Na kuna hatari ya pili: mvua ya mlimani inashuka kwenye makorongo. Unaweza kufika kwenye korongo huku chini, hakuna hata tone la mvua, ukakuta maji yanakuja kwa kasi na magogo.

Fanya hivi. Usiku kabla ya safari, piga simu kwa mtu anayeishi kule unakokwenda. Asubuhi piga tena. Mteja wako mwenyewe anafaa, bodaboda wa kule anafaa zaidi. Uliza maswali matatu: mvua imenyesha jana usiku? Magari yamepita leo asubuhi? Gari gani lilipita? Kama lililopita ni lori tu, Probox yako usiipeleke.

Fuatilia pia Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wanatoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli, na mvua kubwa ikikaribia wanatoa onyo. Ona neno walilotumia: angalizo, tahadhari, au tahadhari kubwa. Kwenye tahadhari kubwa mimi siendi popote, hata mteja akilia.

PILI: ANDAA KWA TAREHE, USINGOJE MATONE

Wenzetu walioko nchi za baridi wana shida yao ya theluji. Kule Quebec, Kanada, sheria inataka gari liwe na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Hata kama asubuhi ya tarehe 1 kuna jua, matairi lazima yawe yameshafungwa. Sisi hatuna theluji Upareni, tuna tope na ukungu, lakini huo utaratibu wa tarehe tuuige.

Kwetu masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mimi gari langu linaingia gereji wiki ya pili ya Februari na wiki ya pili ya Septemba. Nimeandika kwenye kalenda ya dukani. Faida nyingine ni kwamba wakati huo fundi hana foleni. Mvua ikianza, kila mtu anakumbuka breki siku moja.

TATU: VITU VYA KUKAGUA

1. Matairi. Hapa ndipo hela yako ya kwanza iende. Tairi kwenye maji kazi yake ni kuyasukuma pembeni kupitia mifereji yake. Tairi likiwa kipara, kwenye tope halishiki, na kwenye lami maji yanakaa katikati ya tairi na barabara, gari linaelea. Ukizungusha usukani halisikii.

Angalia ndani ya mifereji ya tairi, utaona vijiti vidogo vya mpira vimelala. Meno ya tairi yakishuka mpaka yakalingana na vile vijiti, tairi limekwisha, limebakiza milimita 1.6 tu. Kwa mvua usingoje lifike huko, likibakiza milimita 3 anza kutafuta lingine.

Angalia na umri. Pembeni mwa tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Ikiwa 2321, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri lakini ni la zamani, mpira umekauka. Likunje kidogo kwa mkono, ukiona nyufa ndogo ndogo pembeni, achana nalo hata kama bei inashawishi.

Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea, kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kipo ukifungua mlango wa dereva. Na spea ipime pia. Spea isiyo na upepo ni mzigo tu.

2. Breki. Kupanda mlima kunakera, kushuka ndiko kunakoua. Mwambie fundi afungue magurudumu yote manne, akuonyeshe pedi kwa macho yako, asikuambie tu "ziko poa". Muulize na mafuta ya breki. Haya mafuta yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani taratibu. Yakishakuwa na maji, ukishuka mteremko mrefu breki zikapata moto, yale maji yanachemka ndani ya bomba yanakuwa mvuke, ukikanyaga pedali inazama hadi chini na gari haliangalii nyuma. Wengi wanayabadilisha kila baada ya miaka miwili. Gari la mtumba ambalo hujui yalibadilishwa lini, badilisha tu. Hendibreki nayo ijaribu mlimani, siyo kwenye tambarare.

3. Wipa na kioo. Mpira wa wipa ukiacha mistari ya maji, badilisha zote mbili. Kile kitanki cha maji ya kuoshea kioo kijaze. Halafu osha kioo kwa NDANI. Kioo chenye mafuta ya vumbi kwa ndani kinashika mvuke haraka. Ukipata ukungu ndani ya gari, washa kiyoyozi na uelekeze hewa kwenye kioo, hata kama kuna baridi. Kiyoyozi kinakausha hewa, siyo kupooza tu. Kama gari lako kiyoyozi kimekufa, fungua vioo vya pembeni kidogo na uwe na kitambaa kikavu.

4. Taa. Zote, pamoja na za breki na za nyuma. Kwenye ukungu tumia dimu, usiwashe fulu. Fulu inagonga ukungu inakurudia machoni, unaona ukuta mweupe.

5. Betri. Mvua ina maana taa, wipa na feni vinafanya kazi kwa pamoja, betri iliyochoka inaumbuka hapo. Safisha ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri, kaza nyaya. Ikiwa asubuhi gari linaamka kwa kuvuta vuta, mwambie fundi apime betri na chaji kabla hujanunua mpya. Wakati mwingine betri ni nzima, tatizo ni chaji.

6. Rejeta. Mlimani kuna baridi lakini injini inapanda kwa gia nzito muda mrefu, inachemka. Weka kulanti, siyo maji ya bomba. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.

7. Mipira ya milango. Hiki wengi hatukikagui kwa sababu hakizimishi gari. Kwa sisi wa mizigo ni muhimu sawa na breki. Funga milango, mtu amwagie maji kwa ndoo, wewe kaa ndani na tochi. Utaona yanakoingia.

NNE: MZIGO UKAE WAPI

Hapa lazima ujue gari lako linasukumwa na tairi zipi. Probox nyingi zinavutwa na tairi za mbele. Ukijaza mzigo mzito nyuma kabisa, ukipanda mlima pua inakuwa nyepesi, tairi za mbele zinakosa kushika, ndicho kilichonipata. Mzigo mzito uweke karibu na mgongo wa viti, chini, na usijaze kupita kiasi.

Kirikuu ni kinyume chake, inasukumwa na tairi za nyuma. Ikiwa tupu, bodi ni nyepesi, inateleza. Wenye Kirikuu wengi wakirudi tupu wakati wa mvua wanaweka mifuko ya mchanga juu ya tairi za nyuma. Mimi nikirudi napenda nipakie tangawizi ya Mamba, inanipa nauli na uzito kwa pamoja.

Kufunga bidhaa: nguo na mashuka ziweke kwenye mfuko wa nailoni ndiyo uingize kwenye boksi, siyo boksi ndani ya nailoni. Boksi likilowa linachanika, lakini nailoni ya ndani inabaki. Chini ya gari weka vipande vya mbao ili mzigo usiguse sakafu. Vyombo vya kuvunjika viwe katikati, vizungushiwe vitu laini. Na oda ya mwisho kushushwa ndiyo ya kwanza kupakiwa, usije ukaanza kupekua mabegi kwenye mvua.

Kwenye gari langu wakati wa mvua havikosi hivi: turubai, kamba nene ya kuvutia, jembe fupi au koleo, mbao mbili pana za kuweka chini ya tairi, jeki na kipande cha ubao wa kuikalisha isizame, spana ya magurudumu, tochi, koti la mvua, gambuti, maji ya kunywa, blanketi, simu iliyojaa chaji na pawabanki. Blanketi msilidharau. Usiku ule nilitandika shuka la mteja.

Wengine wanafunga cheni kwenye tairi. Zinasaidia kwenye tope, lakini zifungwe kwenye tairi zinazosukuma gari, uende polepole, na ukifika kwenye lami uzitoe.

TANO: UKIWA NJIANI

Ondoka alfajiri. Milima yetu mara nyingi mvua inakuja mchana na jioni, na ukikwama asubuhi una saa nyingi za mwanga na watu wa kukusaidia.

Kwenye tope panda kwa gia nzito na mwendo ule ule, usisimame katikati ya mpando, usiongeze mafuta ghafla. Tairi zikianza kuzunguka bure, ACHIA mafuta. Kuendelea kukanyaga ni kujichimbia shimo. Shuka, weka mbao, mawe au majani magumu, shusha mzigo kidogo, ndiyo ujaribu tena.

Kushuka, tumia gia ile ile ambayo ungetumia kupanda. Gari la otomatiki lina namba 2 au herufi L au B, ndiyo kazi yake hiyo. Breki kanyaga kidogo na uachie, usiikalie. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama, ngoja ipoe yenyewe. Usimwagie maji, chuma cha moto kikimwagiwa maji kinapinda.

Kwenye lami, barabara kuu ya kwenda Mwanga au Mkomazi, ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla kwenye maji, gari linaelea. Usipige breki. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, mwendo ushuke wenyewe.

Korongo likiwa na maji yanayotembea, usipite. Maji ya sentimita 30 tu, chini ya goti la mtu mzima, yanaweza kubeba gari dogo, na chini yake hujui kama barabara bado ipo. Ngoja, makorongo yetu yanashuka haraka kama yalivyopanda. Na kama maji yalishaingia, injini ikazima humo, USIWASHE tena. Injini ikinyonya maji ukailazimisha kuwaka inapinda vyuma vya ndani, hapo siyo tena habari ya fundi wa elfu hamsini.

Kuna jambo la mwisho la njiani, na hili si la utani. Usisimamishe gari wala kulala chini ya ukingo mrefu wa udongo wakati mvua inanyesha siku kadhaa mfululizo. Novemba 2009, huku huku kwetu wilaya ya Same, kijiji cha Goha kule Mamba Miamba, mlima uliporomoka usiku na watu zaidi ya 20 wakafariki. Mlima hautoi taarifa ndefu. Ukiona nyufa mpya barabarani, miti imeinama, au chemchemi imegeuka rangi ya tope, geuza gari. Dharura ya polisi ni 112, zimamoto na uokoaji ni 114.

SITA: MWANDAE NA MTEJA

Gari likiwa zima na mteja hajaandaliwa, bado utagombana. Wakati wa mvua acha kabisa kuandika "delivery siku hiyo hiyo". Mimi sasa nikipokea oda ya mlimani natuma ujumbe huu, uchukue ubadilishe utakavyo:

"Asante dada/kaka/mama kwa oda yako. Kipindi hiki ni cha mvua, mzigo wa mlimani unafika ndani ya siku 1 hadi 4 kutegemea barabara. Nitakupigia asubuhi ya safari. Kama una shughuli yenye tarehe, niambie sasa hivi niutume mapema. Nikishindwa kufika nitakuambia kabla ya saa sita mchana, na hela yako ipo salama."

Ile sentensi ya shughuli yenye tarehe ndiyo iliyonikosa kwa yule mama. Oda ya harusi, msiba au ubatizo haipelekwi siku mbili kabla wakati wa masika. Inapelekwa wiki moja kabla.

Ukigeuza njiani, piga picha ya barabara ulipoishia, mtumie hapo hapo kabla mtandao haujakata. Usingoje akuulize.

KAMA HUNA GARI

Wengi wetu tunakodi Kirikuu au Noah, au tunampa bodaboda. Bado una haki ya kukagua, mzigo ni wako. Dakika tano zinatosha: angalia tairi zote nne na spea, mwambie awashe wipa na taa, mwambie akanyage breki uone pedali inakaa juu au inazama, uliza kama ana turubai. Uliza mara ya mwisho alipanda lini njia hiyo. Dereva mzuri hakasiriki kuulizwa. Anayekasirika, mshukuru, tafuta mwingine.

Uliza pia bima. Bima ndogo inalipa madhara kwa watu wengine, gari lenyewe haliangaliwi, na mzigo wako ndiyo kabisa. Hata bima kubwa inahusu gari, mzigo ni habari nyingine, soma au uliza wakala kabla. Kwa hiyo andikianeni na dereva hata kwenye karatasi ya daftari: nani analipa mzigo ukilowa.

Bodaboda mpe mzigo mdogo tu uliofungwa nailoni mbili, na usimharakishe. Mtu akianguka kwa sababu ulimpigia simu mara sita "umefika wapi", huo si ushindani wa biashara.

HESABU YENYEWE

Najua kinachotukwamisha, ni hela. Mi mwenyewe nilikuwa nasema mwisho wa mwezi. Basi hesabu zangu hizi, bei za kwako zinaweza kutofautiana.

Safari ile moja ilinigharimu: mzigo ulioharibika 210,000, kuvutwa 50,000, bampa na rejeta 150,000, faida ya oda ya harusi iliyopotea 90,000, kutuma zile oda nne kwa njia nyingine 40,000. Jumla 540,000.

Nilipoandaa gari mwaka uliofuata nililipa: tairi mbili mpya za mbele 240,000, pedi za breki 45,000, mafuta ya breki 15,000, wipa 20,000, mpira wa mlango 25,000, turubai na kamba 30,000, kuziba pancha ya spea 5,000, ufundi 30,000. Jumla 410,000.

Tofauti ni 130,000, na tairi bado ninazo. Yule mama sijamweka kwenye hesabu. Hajaninunulia tena mpaka leo, wala dada zake.

Kama huna 410,000 kwa mkupuo, mimi niliweka 15,000 kila wiki kuanzia Agosti kwenye kibubu cha simu, nikaandika jina lake TAIRI ili nisiiguse. Februari ilikuta nina cha kuanzia. Na kama hela ni ndogo kabisa, fuata mpangilio huu: tairi, breki, wipa na taa, mipira ya milango, vingine baadaye. Redio na rimu za kung'aa subiri kiangazi.

Masika iliyopita nilifika kwenye korongo moja nikakuta maji. Tairi mpya, breki nzuri, kila kitu kizuri. Nilikaa pale kama dakika arobaini, nikaona hayapungui, nikageuza. Gari zima halimaanishi upite kila mahali, linamaanisha ukigeuza utafika nyumbani. Nikapiga picha nikamtumia mteja, baba mmoja mkali kidogo aliyekuwa anasubiri mapazia. Akanijibu kwa simu: "Bora umerudi. Jana gari la jirani limeondoka na maji hapo hapo." Kesho yake saa nne asubuhi mapazia yalikuwa yananing'inia kwake, makavu.

Kagua gari lako wiki hii, mvua bado ziko mbali. Na ukimwona mwenzako anavuta tairi kipara mpaka mwisho wa mwezi, mtumie hii.